Kabla Hujakata Turubai la Land Rover

Ukiwa na Land Rover ya zamani hapa Bariadi, iwe uliirithi kwa mzee au uliikuta juu ya mawe nyuma ya ghala la mtu ukainunua kwa bei ya kuombana, ipo siku utafika kwenye suala la paa. Wengi hukimbilia bati. Mchomeleaji anapiga fremu, anabandika shiti, kazi inakwisha upesi, na abiria wa nyuma anaanza kuiva saa nne asubuhi. Mimi ni mtu wa turubai. Gari hili lilizaliwa nalo: Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 paa lake lilikuwa la kitambaa, na Series II ya mwaka 1958 na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 ziliendelea kutoka hivyo kwa waliotaka. Vile vigari vya wazi vya viti viwili, MG na Triumph, ambavyo Wazungu hukaa Jumamosi nzima wakivivalisha paa jipya, huku kwetu ni vya kutafuta kwa tochi. Gari la wazi la Simiyu ni hili, pamoja na Suzuki fupi za zamani, na mengi nitakayoyasema yanaifaa Suzuki pia.

Tangu Arusha wafanye tamasha la Land Rover mwezi Oktoba 2024, wenye magari haya wamezidi kuulizana namna ya kuyarudisha katika sura yake. Swali la kwanza huwa moja: turubai zuri linauzwa wapi? Ni swali halali, ila limetangulia mno. Paa la kushona mwenyewe huharibikia kwenye vyuma na kwenye vipimo. Kitambaa mara nyingi husingiziwa tu. Nimeona turubai la bei kubwa likivuja mwezi wa kwanza kwa sababu tao moja lilikuwa limepinda vidole viwili, maji yakapata bwawa la kulala. Kwa hiyo pesa yako iweke mfukoni kwanza, anza na vyuma.

Land Rover fupi ina matao machache, ndefu inaongeza. Yote hukaa kwenye soketi za bodi ya nyuma na kuunganishwa kwa vyuma vya kulala vinavyokwenda mbele hadi nyuma. Yatoe yote. Hili nalisisitiza kwa sababu mbili. Ya kwanza, kutu ya tao huanzia chini, ndani ya soketi, mahali ambapo jicho halifiki: tao linaonekana zima, ukiligonga kwa nyundo ndogo pale chini linatoa sauti ya debe. Ya pili ni usalama. Kwenye Land Rover nyingi fupi za petroli tangi liko chini ya kiti cha mbele, na nimewaona vijana wakichomelea tao likiwa bado kwenye gari, cheche zikiruka juu ya kiti hichohicho. Tao linatoka kwa bolti chache. Litoe, lipeleke kwa mchomeleaji, lirudishe.

Kama tao limekatika kabisa au halipo, bomba la chuma la kipenyo kilekile linapindwa hapahapa mjini. Mwambie fundi alijaze mchanga mkavu, alizibe pande zote mbili ndipo alipinde. Bila mchanga bomba linabonyea kwenye kona, na hapo kwenye kibonyeo ndipo turubai litakapochanika. Mchanga uwe mkavu kwelikweli. Wenye unyevu, ukipashwa moto ndani ya bomba lililozibwa, hutengeneza mvuke unaoweza kurusha kizibo kikaumiza mtu. Toboa kitundu kidogo karibu na ncha ya chini, maji yakiingia yapate pa kutokea. Piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na uache ikauke vizuri kabla kitambaa hakijagusa. Rangi mbichi na turubai jipya vikikutana katika jua la Simiyu havitaachana.

Rudisha matao kwenye gari, kisha pima kwa kamba. Kamba itoke kona ya juu ya kioo upande wa kushoto hadi kona ya nyuma ya kulia. Halafu kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa sentimita moja, endelea na maisha yako. Vikitofautiana kwa nne au tano, ama bodi imepinda kwa mizigo ya miaka yote hiyo, ama tao limeingia vibaya. Ukishindwa kunyoosha bodi, usijidanganye kwamba utashona turubai la pembe mraba na litakaa. Utalishona kufuata upogo wa gari, na ndiyo maana vipimo vya gari la jirani havikufai, hata kama mna Series ileile ya mwaka uleule. Nyosha pia kamba kutoka tao la mbele hadi la nyuma, katikati ya paa. Tao lolote lililo chini ya kamba ndilo litakalofuga maji.

Sasa tuje kwenye patani. Usikate turubai kwa kukisia. Fumua magunia ya sandarusi, yale yanayobebea mpunga na mahindi, uyaunganishe kwa mishono ya haraka, uyatandaze juu ya matao. Kitambaa chepesi cha amerikani kinafaa zaidi kwa sababu kinalala vizuri, lakini sandarusi ipo kila duka la nafaka na hukuti mtu akiililia. Ibane kwa vibanio vya nguo, ivute hadi mikunjo iishe, halafu weka alama kwa chaki: kila tao linapopita, ukingo wa bodi, juu ya milango, kila kulabu ya kamba. Chaki si tatizo mkoani kwetu, Maswa wanatengeneza zao. Andika juu ya kila kipande neno "mbele", "nyuma", "kushoto", "nje". Utaona ni utoto, mpaka siku utakapokuta vipande vinne vimelala sakafuni vinafanana na jua linazama.

Acha patani kwenye gari usiku kucha kama pana usalama, kesho yake ivute tena. Kisha fungua na kufunga milango yote ikiwa juu. Fungua kibao cha nyuma. Kaa kwenye kiti cha dereva, geuza kichwa uangalie nyuma. Ndipo utakapogundua kwamba dirisha ulilopanga limekaa chini mno, au kwamba pazia la nyuma likikunjwa linaangukia usoni pa abiria. Kosa la sandarusi linasahihishwa kwa mkasi.

Kitambaa. Uchaguzi wa kweli ni baina ya turubai la pamba, lenyewe au lililochanganywa na nyuzi za polista, na lile la plastiki wanalofunikia malori. La plastiki lina sifa zake: halipitishi tone, linafutika kwa kitambaa chenye maji, linapatikana kila mji. Shida yake ni kwamba halipumui. Asubuhi ya masika upande wa ndani unalowa kwa pumzi za watu, na baada ya miaka kadhaa ya jua linakauka na kupasuka kwenye mikunjo. Uzi wa pamba ukilowa unavimba, vitundu vya kufuma vinazibana, maji yanateleza. Jua likirudi vitundu vinafunguka tena na hewa inapita. Kwa gari la watu, chukua pamba au mchanganyiko. Kwa gari la kubebea mbuzi na mbolea, chukua plastiki bila kuona haya.

Hapa niseme jambo linaloniuma kidogo. Mkoa wa Simiyu, tangu ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zote zinalima. Lakini turubai la pamba utalifuata Mwanza au Dar es Salaam, na aghalabu limefumwa nchi nyingine. Morogoro ilijengewa kiwanda cha turubai enzi ya mashirika ya umma. Huku kwetu tuna vinu vya kuchambulia. Marobota yakishafungwa yanaondoka. Tuendelee na kazi.

Ukiwa dukani likunje turubai kwa nguvu, ulifungue, uliinue kuelekea mwangani. Ukiona nukta za mwanga kwenye kunjo, dawa iliyopakwa ni nyingi kuliko uzi. Kwa paa unataka zito la karibu gramu 500 hadi 600 kwa mita mraba. Jepesi litapigapiga kwenye upepo, zito kupita hapo litakushinda kushona. Kiasi gani? Tuseme una ndefu, ile ya inchi 109, na upana wa kitambaa ni mita moja na nusu. Kipande cha juu kinaomba mita tatu na ushei, kila ubavu unaomba karibu mita tatu, na kinachobaki kwenye mbavu kinatoa pazia la nyuma, viraka na mikanda. Mita kumi zinatosha kwa hesabu hiyo, mradi mikunjo ya pindo umeipima kwenye patani yako, si kwenye makala hii.

Rangi si urembo tu kwa mtu anayeshuka kuelekea Pori la Akiba la Maswa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Turubai la buluu, ambalo ndilo limejaa madukani, ni mwaliko. Chukua kaki au kijani kilichofifia. Kaki pia haioneshi vumbi letu, ingawa itaonesha tope la mbuga kila mahali gurudumu litakaporushia.

Kata vipande vitatu vikubwa: paa moja kutoka mbele hadi nyuma, na mbavu mbili. Usikubali mshono unaokatiza paa kutoka ubavu hadi ubavu, hata kama fundi anakwambia utaokoa kitambaa. Mshono wa namna hiyo unakinga maji yanayosukumwa na upepo wa mwendo, na ukiangukia juu ya tao unasagika. Mishono miwili mirefu ikae pembeni, pale paa linapoinama kuwa ubavu, na kitambaa cha paa kilalie juu ya kile cha ubavu. Mshono uwe wa kukunja pande zote mbili na kupigwa mistari miwili, ule wa pembeni mwa suruali ya jinzi. Unene wake ni tabaka nne za turubai, na hapo ndipo cherehani nyingi zinapokata tamaa.

Cherehani ya kawaida ya miguu, Singer nyeusi au Butterfly, inaweza kushona tabaka mbili bila kelele. Kwenye tabaka nne izungushe gurudumu kwa mkono, sindano iwe namba 18 au zaidi, na uipitishe kwenye kipande cha mshumaa kila baada ya muda ili isichemke. Hatua ya mshono iwe ndefu, milimita nne hadi tano; mishono midogomidogo inatoboa kitambaa hadi kinakatika kwenye mstari. Uzi uwe wa polista, ule mnene, kwa sababu wa pamba huoza mapema juani hata kama turubai lenyewe bado lina nguvu. Kama una fundi wa makochi mwenye mashine ya kuvuta nguo juu na chini kwa pamoja, mpe yeye mishono miwili mirefu na pindo, wewe ubaki na kazi ndogo. Si aibu. Kazi ya kujifanyia mwenyewe haina maana kwamba kila mshono upitie mkononi mwako. Maana yake ni kwamba kila kipimo kimepitia.

Unapokwenda kwa fundi, nenda na kitambaa chako kimeshakatwa, alama zimeshachorwa, na umekubaliana naye kwa kazi wala si kwa siku. Malipo ya mwisho yatoke turubai likiwa juu ya gari. Na umheshimu; mwite fundi, msikilize. Anayeshona viti vya bajaji kila siku anajua mambo ya pindo na mkazo ambayo mwenye Land Rover hajui, na akikwambia kona fulani inataka kiraka, weka kiraka.

Viraka vya ndani viwekwe kila mahali turubai linapogusa tao. Ukanda wa ngozi ni bora kuliko vyote, na katika mkoa wa ng'ombe ngozi haikosekani. Ukanda wa pili wa turubai lenyewe unatosha. Usifunge sponji kwenye tao kwa kudhani unalilinda. Sponji inanywa maji, inakaa nayo, tao linaoza na kitambaa kinafuata.

Pete za chuma zipigwe juu ya pindo lenye tabaka tatu au nne, si kwenye kitambaa kitupu. Toboa tundu dogo kuliko pete, kwa msharasi wa fundi viatu kama unao, ili nyuzi zisogee badala ya kukatwa. Kamba iwe ya nailoni au polista. Ya katani ina sura nzuri na ni ya nchi yetu, lakini inafupika ikilowa. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuivuta hadi ing'oe pete. Kama roho yako iko kwenye katani, ilegeze kila mawingu yanapokusanyika upande wa ziwa.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na hili mafundi wengi wanalisahau. Kulabu ya chuma ikifungwa moja kwa moja juu ya aluminiamu, unyevu ukiingia kati yake bodi inalika na kugeuka unga mweupe. Weka kipande cha raba ya mpira wa tairi la baiskeli chini ya kila kulabu na kila washa. Ni senti chache, inaokoa bodi.

Dirisha la nyuma nalo. Plastiki ngumu ya kuonea ishonwe ndani ya fremu ya turubai, na isikunjwe kamwe. Pazia liviringishwe, na kati ya mizunguko weka kitambaa laini. Isafishwe kwa maji tu. Petroli au thina itaitia ukungu siku hiyohiyo. Madirisha ya mbavuni yaache kama huyahitaji sana, maana kila dirisha ni mita kadhaa za mishono, na kila mshono ni njia ya maji.

Kuhusu vumbi kuna jambo linalowashangaza wengi. Ukitoka Bariadi kwenda Lamadi uko juu ya lami, hutaona shida. Kunja kuelekea Mwanhuzi kwa barabara ya vumbi ukiwa umekunja pazia la nyuma upate hewa, na baada ya nusu saa abiria wako wamepauka hadi kope. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake inazunguka na kurudi ndani, ikibeba vumbi na, hatari zaidi, moshi wa ekzosi. Moshi huo una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Kwa hiyo ukiwa mwendoni funga pazia la nyuma hadi chini, lipishane na mbavu kwa kiganja kizima kila upande, na ufungue vile vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele. Hewa iingie mbele, isukume nje. Ukitaka kwenda na pazia juu, basi kunja na mbavu pia, gari liwe wazi kabisa.

Likishakaa, lilowanishe. Chukua mpira wa maji, lowesha paa lote polepole, liache likauke likiwa juu ya gari. Mara ya kwanza litatona hapa na pale kwenye mishono. Usiogope wala usikimbilie silikoni. Rudia mara mbili tatu, nyuzi zivimbe na kukaa. Kitambaa cha pamba kitarudi kidogo, ndiyo sababu kamba zinatakiwa kubaki na nafasi ya kukazwa na kulegezwa. Sehemu inayoendelea kutona baada ya hapo ipake nta kwa ndani, kwa kusugua mshumaa kwenye mshono na kuupasha kwa kijiko cha moto. Kusafisha ni brashi kavu na maji. Sabuni ya unga inaondoa dawa ya kuzuia maji, na hapo utakuwa umebaki na shuka. Na usiliviringishe likiwa bichi hata kwa usiku mmoja, ukungu mweusi hautoki.

Matao haya yanabeba kitambaa tu. Gari likipinduka hayamkingi mtu, na turubai halimzuii kurushwa nje. Fundi akikuahidi kwamba bomba lake "litaokoa", mshukuru kwa ukarimu wake, kisha funga mikanda kwenye kila kiti unachokusudia kukalisha mtu, na usimamishe mtu nyuma kwa kisingizio kwamba kuna chuma cha kushika.

Kazi nzima ni ya kiangazi. Ukianza Juni, mwezi wa kwanza uende kwenye vyuma, wa pili kwenye patani na kushona, na mvua za Novemba zitakuta turubai limeshalowa na kukauka mara kadhaa. Kama umesoma haya ni Oktoba, usiharakishe fundi wala usikate kitu. Nunua turubai la plastiki la lori, lifunge juu ya matao kwa kamba upitie nalo masika, na vyuma uvitoe kiangazi kijacho.